MAJI YAKIMWAGIKA HAYAZOLEKI: ADABU ZA MSAFIRI NA MAJI MACHAFU

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Sisi wanafunzi tumeizoea sana methali hii katika insha zetu, tukiwa na maana kuwa jambo likiisha kuharibika halirekebishiki. Lakini mwaka jana niliielewa neno kwa neno, nikiwa nimesimama kando ya kijito na sufuria mkononi, na maji niliyoyamwaga yamekwisha kwenda zake. Ndiyo maana nimeshika kalamu ili niwaeleze wenzangu, na walimu wetu pia, kuhusu jambo ambalo halimo katika somo lolote la darasani: msafiri ayafanyie nini maji yake machafu?

GARI AMBALO NI NYUMBA

Muhula wa pili chama chetu kilifunga safari hadi kambi moja iliyo ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya, juu ya ule ukanda wa majani chai ya Nyayo Tea Zone ulioanzishwa mwaka 1986 ili kuutenga msitu na mashamba. Mwalimu alitaka tutunge mashairi juu ya mlima tukiwa karibu nao, badala ya kuutazama kupitia dirisha la darasa.

Hapo kambini tulikuta gari la ajabu. Kwa nje lilifanana na lori dogo, lakini ndani mlikuwa na kitanda, jiko la gesi, sinki, bafu na choo. Wenyewe walikuwa mzee mmoja na mkewe kutoka Ujerumani, nao walikuwa wamesafiri nalo nchi nyingi. Watu wa namna hii hulala ndani ya gari, hupika humo na kuoga humo. Kwa hivyo gari la aina hii, ambalo nitaliita gari-nyumba, lina matangi matatu: tangi la maji safi, ambalo mara nyingi huchukua lita 100 hivi, tangi la maji yaliyotumika kuoga na kuosha vyombo, na tangi la choo, ambalo katika magari mengi ni kama sanduku la kuchomolewa lenye kuchukua lita 20 hivi, yaani sawa na mtungi mmoja wa kuchotea maji.

Yule mzee alikuwa na maneno machache ya Kiswahili. Alimwendea mlinzi wa kambi akamuuliza, "Maji machafu, wapi?" Sisi tulicheka. Ati msitu mzima umemzunguka, na anauliza pa kumwaga maji! Mlinzi hakucheka. Alimpeleka nyuma ya jiko akamwonyesha shimo lililojazwa mawe na kokoto, maji yanamopenyeza taratibu ardhini. Halafu naye akamuuliza swali: "Na ya choo, mmetia dawa?" Mzee akaitikia kwa kichwa. "Basi hayo usimwage hapa. Nenda nayo mpaka mjini kwenye bomba la maji taka." Mzee akashukuru, wala hakukasirika.

MAJI MACHAFU SI YA AINA MOJA

Nilipomuuliza mlinzi kwa nini aliyatenganisha maji hayo, alinieleza vizuri, na baadaye mwalimu wa bayolojia akaniongezea.

Aina ya kwanza ni maji ya kuoga, kufua na kuoshea vyombo. Haya yana sabuni, mafuta na mabaki ya chakula. Yakimwagwa udongoni kidogo kidogo, bakteria walio katika udongo huyala mabaki hayo na maji yakachujika yanapoteremka. Yakimwagwa mtoni mambo hugeuka. Bakteria wa majini huyala mabaki hayohayo, lakini katika kula kwao huitumia oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji, na samaki hukosa pumzi. Mito yetu ya mlimani ina samaki aina ya trauti, ambaye hawezi kuishi ila katika maji baridi yenye oksijeni tele. Isitoshe, sabuni nyingine zina fosfati, ambayo ni mbolea, nayo huyakuza mauchafu ya kijani tuyaonayo juu ya maji yaliyotuama.

Aina ya pili ni maji ya choo. Haya ndiyo yenye hatari kubwa kwa binadamu, kwa sababu hubeba viini vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu, pamoja na mayai ya minyoo. Msafiri anaweza kuwa na viini hivyo tumboni asijijue kuwa ni mgonjwa. Kipindupindu kilichozuka nchini mwetu mnamo Oktoba 2022 kiliendelea hadi mwaka 2023, kikitoka kaunti moja kwenda nyingine. Ugonjwa hauna miguu. Husafirishwa na watu, na maji huupokea.

Sasa, hiyo dawa aliyoiuliza mlinzi ni nini? Wenye magari-nyumba hutia dawa katika tangi la choo ili lisinuke. Siku hizi nyingi si kali sana, lakini baadhi zimetengenezwa kwa formalini. Wenzangu wa Kidato cha Tatu, formalini mnaijua: ndiyo ile inayohifadhi vyura na mijusi katika chupa za maabara. Mijusi ile haiozi kwa sababu formalini huwaua bakteria. Choo cha shimo na lile tangi la maji taka lililozikwa ardhini, vyote viwili huwategemea bakteria kuuvunjavunja uchafu. Ukimwaga dawa hiyo humo, umewaua wafanyakazi wote kwa siku moja, na mwenye choo atabaki akishangaa kwa nini kimejaa na kunuka hali wewe umeshafika Marsabit.

KISA CHA DARAJA LA CHICAGO

Msije mkafikiri kuwa wa nchi tajiri wote wana adabu kama yule mzee. Tarehe 8 Agosti 2004, huko Chicago, Marekani, basi moja la kundi la muziki la Dave Matthews Band lilikuwa likivuka daraja la Kinzie Street. Basi hilo lilikuwa la kulala safarini, lenye choo na tangi lake. Dereva alipofika darajani alifungua tangi ili uchafu uangukie mtoni. Daraja lenyewe sakafu yake ni ya chuma chenye matundu, na wakati uleule mashua ya watalii ilikuwa ikipita chini yake. Uchafu wa kilo 360 hivi uliwaangukia watu zaidi ya 100 waliokuwa wamekaa wakitazama majumba marefu.

Dereva alikiri kosa mahakamani. Alitozwa faini ya dola 10,000 na kuamriwa kuwatumikia wananchi kwa saa 150. Kundi lenyewe lilikubali mwaka 2005 kulipa dola 200,000.

Niliposikia kisa hiki mara ya kwanza nilicheka mpaka machozi. Baadaye nikafikiri: je, lau mashua isingepita? Uchafu ungeingia mtoni kimyakimya, dereva angeenda zake, wala pasingekuwa na kesi. Kosa lingekuwa lilelile. Tofauti ni kwamba aliyechafuliwa asingejua ni nani.

NA SISI JE?

Hapa ndipo ninapoona haya. Tukirudi kutoka kambini jioni ile, dreva wetu alisimamisha basi karibu na kijito kinachoingia mto Rupingazi. Tulikuwa na sufuria mbili kubwa za pilau na sahani 40 na zaidi. Tukashuka kwa nyimbo, tukaingia majini na sabuni ya unga, tukasugua. Povu likashuka na mkondo, na punje za wali zikalifuata. Wavulana wengine walikuwa wameenda kujisaidia vichakani, hatua chache tu kutoka ukingoni.

Mara tukamwona nyanya mmoja akipanda kutoka upande wa chini, mtungi mtupu mkononi. Hakupaza sauti. Alitwambia, "Watoto wangu, mnaosha vyombo vyenu ndani ya sufuria yangu." Kisha akakaa juu ya jiwe. Tukamuuliza, "Nyanya, unangoja nini?" Akajibu, "Nangoja uchafu wenu upite."

Hakuna aliyeimba tena. Mwalimu alimwomba radhi kwa niaba yetu. Tulimchotea maji upande wa juu na kumbebea mtungi hadi kwake, lakini hilo halikuyarudisha yale tuliyomwaga. Asubuhi tulikuwa tumemcheka mgeni kwa kuuliza pa kumwaga maji. Kumbe yeye, mtu wa mbali, alikijali kijito chetu kuliko sisi tuliozaliwa kando yake.

RUPINGAZI UNAENDA WAPI?

Tulipofika nyumbani nilichukua ramani. Rupingazi hutoka katika msitu wa Mlima Kenya, hupita kwenye majani chai na kahawa, hupita kando ya mji wa Embu, kisha hukutana na mto Thiba. Thiba humwaga maji yake katika bwawa la Kamburu, lililoanza kutoa umeme mwaka 1974. Hapo huwa ni mto Tana, mrefu kuliko mito yote ya Kenya, unaopita mabwawa ya Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ukaingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Njiani kote huko kuna watu wanaochota, wanaonywesha ng'ombe na wanaomwagilia mashamba. Kwa hiyo mtu asidanganyike kuwa chini ya daraja hakuna mtu. Chini ya kila daraja kuna mashua, ila nyingine iko mbali kidogo.

ADABU ZENYEWE

Ili nisiwe mtu wa kulaumu tu, nimekusanya adabu ambazo msafiri yeyote anaweza kuzifuata, awe katika gari-nyumba, basi la shule, lori au hata kwa miguu:

1. Uliza kabla ya kumwaga. Mwenyeji ndiye ajuaye maji ya kunywa yanatoka wapi.

2. Usioshe chochote ndani ya mto. Chota maji kwa karai, nenda mbali kiasi cha hatua 70 kubwa, yaani mita 60 hivi, ukaoshee huko. Kisha yatawanye juu ya udongo, usiyamwage mahali pamoja.

3. Kwangua mabaki ya chakula kwanza. Yatie katika mfuko urudi nayo. Maji ya vyombo yapitishe katika kitambaa au chujio.

4. Tumia sabuni kidogo. Hata ile iliyoandikwa kuwa huoza yenyewe, huhitaji udongo ili ioze. Si ruhusa ya kuitia mtoni.

5. Panga kusimama penye choo. Kama hakuna kabisa, chimba shimo la sentimita 15 hadi 20, mita 60 kutoka kwenye maji, kisha ulifukie. Lakini watu 40 hawawezi kuchimba mashimo 40, kwa hivyo kundi kubwa lipange mapema.

6. Tangi la choo la gari limwagwe kwenye mfumo wa maji taka au mahali mwenyewe amekubali, naye aambiwe kama mna dawa. Mitaro ya barabarani ni ya mvua, nayo huenda moja kwa moja mtoni bila kusafishwa.

7. Usisuuzie tangi la choo kwenye mfereji wa maji ya kunywa, wala mpira wa kusafishia choo usiutumie kujazia maji safi. Anayekuja nyuma yako atautia mdomoni.

8. Usiingize gari mtoni kuliosha. Oili na grisi haziliwi na samaki.

Sheria nayo ipo. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya kuwa na mazingira safi, na kifungu cha 69 humpa kila mtu wajibu wa kuyalinda. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999, katika kifungu cha 72, iliweka adhabu ya hadi miaka miwili gerezani, au faini isiyozidi shilingi milioni moja, au yote mawili, kwa anayechafua maji. Lakini wenzangu, askari hawezi kusimama katika kila kijito. Adabu ndiyo inayofanya kazi pale ambapo hakuna anayekuona.

TAMATI

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema Waswahili. Basi safari zetu zisiwe za kumwacha mwenyeji akiwa mgonjwa. Chama chetu kimekwisha kununua karai mbili na sepetu moja kwa pesa za michango yetu, na vitu hivyo vimeandikwa mwanzo kabisa katika orodha ya safari ijayo, kabla ya mchele. Wengine wametutania kuwa tunaenda kujenga. Watutanie tu. Yamkini hatutamwona tena yule nyanya, lakini siku hiyo akishuka na mtungi wake, tungependa asilazimike kukaa juu ya jiwe akingoja.