Muuza Bakso na Cheti cha Halali

Nchini Indonesia, Sheria Namba 33 ya mwaka 2014 ililigeuza jambo lililokuwa hiari kuwa lazima: bidhaa inayoingizwa, kusambazwa au kuuzwa humo sharti iwe na cheti cha halali. Kwa vyakula na vinywaji vya kampuni za kati na kubwa, muda wa kujiandaa uliisha Oktoba 17, 2024. Wafanyabiashara wadogo wakaongezewa miaka miwili.

Wengi wao hawaipingi sheria, ila hawaoni inawahusu vipi. Muuza bakso, ile mipira ya nyama inayoliwa kwa supu, atakwambia yeye ni Mwislamu na ng'ombe wake kachinjwa kwa bismillahi. Sawa kabisa. Lakini mfuate sokoni alfajiri, anapopanga foleni kwa mwenye mashine ya kusagia nyama. Aliyemtangulia huenda kasaga nguruwe, na mashine haikuoshwa. Mkaguzi huanzia hapo. Mwoka mikate naye huchunga unga na siagi, kumbe brashi anayopakia yai imetengenezwa kwa manyoya ya nguruwe! Uislamu wa mpishi hautoshi kujibu maswali hayo.

Mfanyabiashara mdogo amewekewa njia nyepesi. Hutoa tamko kwamba malighafi zake ni halali na utengenezaji wake hauna mambo mengi. Msaidizi aliyefunzwa huja kuhakiki, kamati ya fatwa huamua, kisha BPJPH, chombo cha serikali, hutoa cheti. Serikali imekuwa ikitenga nafasi za bure. Cheti chenyewe hakiishi muda siku hizi, mradi viungo na namna ya kutengeneza visibadilike.

Kuna pia wanaodhani kwamba nguruwe amepigwa marufuku. La. Anayemuuza anaruhusiwa, ila aandike waziwazi kuwa bidhaa yake si halali. Anayekaidi sheria hupewa onyo la maandishi, hutozwa faini, au bidhaa yake huondolewa sokoni.

Anayekwama hasa ni mtu wa nyama, kwa kuwa atatakiwa kuonyesha kwamba nyama yake imetoka kwenye machinjio yenye cheti, na bucha anakonunua pengine haina karatasi hiyo. Semina za kumwelimisha ni nzuri, lakini kwa maoni yangu juhudi zingeanzia machinjioni na kwenye mashine za sokoni. Mashine moja ikitengwa kwa nyama halali tu, wauza bakso wote wanaoitegemea wamepunguziwa kazi.