Sababu za Hollywood kuchota kisima kile kile

MWAKA 2019, filamu kumi zilizoingiza fedha nyingi zaidi duniani zilifanana kwa jambo moja: hakuna hata moja iliyotokana na hadithi mpya. Baadhi zilikuwa mwendelezo wa filamu za awali, kama vile Toy Story 4 na Frozen II. The Lion King na Aladdin zilikuwa katuni za miaka ya tisini zilizotengenezwa upya. Nyingine, zikiwemo Joker na Captain Marvel, ziliwachota wahusika wake katika vitabu vya vibonzo vilivyosomwa kwa miongo kadhaa.

Takwimu za aina hiyo ndizo huwafanya wapenzi wa sinema kulalama kwamba ubunifu umekauka. Malalamiko hayo yana msingi, lakini hayaelezi yote. Anayeichunguza historia ya sinema hubaini kwamba kurudia hadithi ni desturi yenye umri unaokaribia ule wa sinema yenyewe. Swali lenye uzito si kwa nini hadithi hurudiwa, bali ni kitu gani huongezwa inaporudiwa, na ni nani hulipwa.

Ben-Hur mara nne

Mfano ulio bayana ni Ben-Hur. Riwaya hiyo ilichapishwa mwaka 1880 na Lew Wallace, jenerali aliyepigana katika vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Marekani. Inasimulia masaibu ya Myahudi wa ukoo wa kitajiri aliyesalitiwa na rafiki yake Mrumi, akafanywa mtumwa wa kupiga makasia merikebuni, kisha akarejea kupambana na msaliti wake katika mashindano ya magari yanayovutwa na farasi. Mwaka 1899 ilipelekwa jukwaani New York, ambako farasi halisi walitimka juu ya mikanda iliyozunguka chini ya kwato zao.

Mwaka 1907 kampuni ya Kalem ilitengeneza filamu ya takriban dakika 15 kutokana na riwaya hiyo. Haikumwomba yeyote idhini, wala haikumlipa yeyote. Wallace mwenyewe alikuwa amefariki miaka miwili awali. Wachapishaji wa kitabu, Harper Brothers, walikwenda mahakamani.

Kesi hiyo ilikuwa ngumu kwa sababu sheria ya wakati huo haikuitaja sinema. Kalem ilijitetea kwamba ilipiga picha tu, na kwamba picha bimbirizi zisizo na sauti haziwezi kuhesabiwa kuwa mchezo wa kuigiza. Mwaka 1911 Mahakama ya Juu ya Marekani iliitupilia mbali hoja hiyo. Ilishikilia kwamba hadithi inaweza kuigizwa kwa vitendo pasipo maneno, na kwamba anayefanya hivyo anatumia mali ya mwandishi. Kalem ililazimika kulipa dola 25,000, ambazo zilikuwa fedha nyingi mno zama hizo.

Tangu uamuzi huo, hadithi nchini Marekani iligeuka mali yenye hati mithili ya shamba: anayetaka kulima sharti apatane na mwenyewe. Kampuni ya MGM iliitengeneza Ben-Hur mwaka 1925, ikawa mojawapo ya filamu zilizogharimu fedha nyingi kuliko zote za enzi ya sinema zisizo na sauti. Mwaka 1959 MGM iliirudia chini ya mwelekezi William Wyler, ikashinda tuzo 11 za Oscar. Idadi hiyo imewahi kufikiwa na filamu nyingine mbili pekee, na haijapitwa.

Filamu ya nne ilitolewa mwaka 2016. Iligharimu takriban dola milioni 100, lakini mapato yake katika kumbi za dunia nzima hayakufika kiasi hicho. Kwa kuwa wenye kumbi hubaki na sehemu kubwa ya pesa za tiketi, hasara ilikuwa kubwa kuliko tarakimu hizo zinavyoonyesha.

Tofauti kati ya 1959 na 2016 si vigumu kuieleza. Wyler alikuwa na jambo la kuongeza: sauti, rangi, skrini pana na umati wa waigizaji ambao mtazamaji wa 1925 hangeweza kuupata kwa namna ile. Filamu ya 2016 ilirejea mashindano yale yale ilhali watazamaji walikwisha kuzoea maajabu makubwa zaidi yanayotengenezwa kwa kompyuta. Jina lilikuwepo, lakini sababu ya kurudia haikuwepo.

Hofu ya hasara

Iwapo kurudia hakuna uhakika wa faida, mbona kampuni haziachi? Jibu liko katika hesabu. Filamu kubwa ya Hollywood inaweza kugharimu zaidi ya dola milioni 150 kuitengeneza, na makumi ya mamilioni zaidi kuitangaza. Hadithi mpya inahitaji kutambulishwa kwa mtazamaji tangu mwanzo: ni nani huyu, anatafuta nini, na kwa nini mtu aache shughuli zake aende kumtazama. Jina linalofahamika limekwisha kuifanya nusu ya kazi hiyo.

Isitoshe, soko lenyewe limebadilika. Filamu nyingi kubwa za Marekani hupata sehemu kubwa ya mapato yake ng'ambo. Kichekesho au fumbo la lugha huweza kupotea katika tafsiri, lakini shujaa anayejulikana Nairobi, Mumbai na Beijing hahitaji mkalimani. Aidha, kampuni inayomiliki hadithi ya kale haimlipi mwandishi mpya ili kuipata. Inafungua tu ghala lake. Mchovya asali hachovyi mara moja, hasa mzinga ukiwa wake.

Tatizo ni kwamba kila meneja anayekwepa hatari kwa njia hiyo anapunguza nafasi ya hadithi mpya, ilhali marudio ya kesho hutegemea hadithi mpya za leo. The Lion King ya 2019, iliyoingiza zaidi ya dola bilioni 1.6, isingekuwepo kama hakungekuwa na waliothubutu kubuni katuni ya 1994.

Kuiga na kuongeza

Hata hivyo, si haki kuyalaumu marudio yote. William Shakespeare, anayehesabiwa miongoni mwa waandishi wakuu wa tamthilia duniani, alibuni visa vichache sana. Wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu tamthilia yake moja kupitia Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Julius Nyerere iliyochapishwa mwaka 1969. Kisa cha mdai anayetaka ratili ya nyama ya mdeni wake kilikuwa kimekwisha kusimuliwa nchini Italia kabla ya Shakespeare kukiandika. Alichokiongeza ni uhai wa Shylock, mtu ambaye hadhira humchukia na kumhurumia kwa pamoja.

Mjapani Akira Kurosawa aliifanyia kazi ya Shakespeare vivyo hivyo. Aliichukua Macbeth, akaihamishia Japani ya mashujaa wa kale, akatoa Throne of Blood mwaka 1957. Naye hakukosa kuigwa. Filamu yake Yojimbo, ya 1961, inamhusu mpiganaji asiye na bwana anayezigonganisha koo mbili hasimu za mji mmoja. Miaka mitatu baadaye Mwitaliano Sergio Leone alitoa A Fistful of Dollars, kisa hicho hicho, ila panga zimegeuka bastola.

Ni vigumu kukana kwamba Leone aliongeza kitu. Filamu yake ilianzisha mtindo mpya wa sinema za wachunga ng'ombe na kumfanya Clint Eastwood nyota. Lakini haki za Yojimbo hazikuwa zimenunuliwa. Wajapani walidai chao, na wahusika walipatana kwa malipo yaliyojumuisha asilimia 15 ya mapato. Kisa hicho kinaonyesha kwamba ubunifu na uhalali ni mambo mawili tofauti: mtu aweza kuongeza mengi na bado akawa na deni.

Kinyume chake ni Psycho. Mwaka 1998 mwelekezi Gus Van Sant aliirudia filamu hiyo ya Alfred Hitchcock ya 1960 karibu picha kwa picha. Haki zote zilifuatwa, lakini wahakiki wengi waliuliza ilikuwa na haja gani. Martin Scorsese, kwa upande wake, aliichukua Infernal Affairs, filamu ya Hong Kong ya 2002, akaipanda katika mitaa ya wahalifu wa Boston wenye asili ya Ireland. The Departed, iliyotolewa mwaka 2006, ilimpa Oscar yake ya kwanza ya mwelekezi bora. Idhini ilikuwepo, na jambo jipya pia lilikuwepo.

Deni la Solomon Linda

Afrika imekuwa sehemu ya biashara hii kwa muda mrefu, mara nyingi upande wa kuchukuliwa. Watayarishaji wa The Lion King ya kwanza walizuru Kenya, ikiwemo mbuga ya Hell's Gate karibu na Naivasha, na majina ya Simba na Rafiki ni ya Kiswahili. Katika filamu hiyo mlikuwa pia na wimbo The Lion Sleeps Tonight, ambao historia yake inafaa kujulikana na kila msanii.

Wimbo huo ulitokana na Mbube, uliorekodiwa Johannesburg mwaka 1939 na Solomon Linda, mwimbaji wa Kizulu. Linda alilipwa shilingi chache, akaziachilia haki zake. Wimbo ulivuka bahari, ukabadilishwa jina na maneno, ukawaletea wengine mamilioni. Mwenyewe alifariki mwaka 1962 akiwa maskini.

Mabinti zake walikwenda mahakamani mwaka 2004. Walitegemea sheria ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyotumika pia katika himaya yake, ambayo ilizirejesha haki kwa warithi miaka 25 baada ya mtunzi kufariki. Wahusika walipatana mwaka 2006, na familia ikakubaliwa kupata sehemu ya mapato. Ilikuwa imepita miaka 44 tangu Linda azikwe. Mgala muue na haki umpe, walisema wahenga; Linda alinyimwa haki yake pasipo kosa lolote.

Somo kwa waandishi wa Kiswahili

Suala hili haliko mbali tena na fasihi ya Kiswahili. Mwaka 2021 mwelekezi Mtanzania Amil Shivji alitoa filamu ya Vuta N'kuvute, kutokana na riwaya ya Shafi Adam Shafi iliyochapishwa mwaka 1999. Mapenzi ya Yasmini na Denge katika Zanzibar ya ukoloni yalionyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto, yakizungumzwa kwa Kiswahili. Mwaka 2018, Mkenya Wanuri Kahiu alikuwa ameitoa Rafiki kutokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, na ikaonyeshwa Cannes.

Filamu hizo zinathibitisha kwamba ghala la hadithi lipo. Kadiri watayarishaji wanavyozidi kulipekua, ndivyo waandishi wanavyopaswa kujua wanachokimiliki. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mwandishi mamlaka juu ya utohoaji wa kazi yake, na ulinzi huo hudumu kwa miaka 50 baada ya kifo chake. Ila sheria hailindi wazo tupu. Hulinda namna wazo lilivyoandikwa. Anayesimulia kisa mkahawani bila kukiandika hana hati ya kuonyesha.

Kwa kawaida mtayarishaji hulipa kiasi kidogo kwanza ili hadithi isiuzwe kwa mwingine kwa muda fulani, kisha hulipa zaidi filamu inapotengenezwa. Muda huo ukiisha bila filamu, haki zinafaa kumrudia mwandishi, na jambo hilo liwe limeandikwa. Mkataba ueleze pia iwapo umeuza filamu moja tu, au pamoja na mwendelezo, marudio, vipindi vya televisheni na matoleo ya lugha nyingine. Katika maneno hayo machache ndimo utajiri wa miaka ya mbele hujificha.

Hata Hollywood wapo wanaolifahamu hilo. Mwaka 2025 mwelekezi Ryan Coogler alitoa Sinners, hadithi aliyoiandika mwenyewe, ambayo haikuwa mwendelezo wala marudio. Iliingiza zaidi ya dola milioni 350 duniani, ishara kwamba watazamaji hawajachoka na jambo jipya. Kabla ya kuitengeneza, Coogler alikuwa ameafikiana na kampuni ya Warner Bros kwamba umiliki wa filamu hiyo utamrudia baada ya miaka 25.

Ikiwa siku moja kutakuwa na atakayetaka kuirudia, atajua mlango wa kubisha. Mwandishi wa Kisumu, Mombasa au Unguja anayekabidhiwa mkataba leo angefaa kuweka mlango kama huo mapema, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.