Jitu Lililoahidi Kurudi: Msomaji wa Nairobi na Mwisho wa "Tumbo Lisiloshiba"

Utangulizi

Mwisho wa kushtukiza katika hadithi fupi haukamiliki katika maandishi peke yake. Mwandishi hupanga matukio, huficha jambo moja na kudokeza jingine, lakini anayeshtuka ni msomaji, na kushtuka kwake hutegemea alichokuwa akikitarajia. Ndiyo maana hadithi moja yaweza kumwacha mtu mmoja kinywa wazi, na jirani yake akaipokea kama habari aliyokwisha kuisikia. Makala haya yanaichunguza hali hiyo kwa kurejelea hadithi "Tumbo Lisiloshiba" ya Said Ahmed Mohamed. Yanadai kwamba jiji la Nairobi linaipa hadithi hiyo wasomaji wa namna tofauti, na kwamba anayeishia kwenye kishindo cha mabuldoza huwa ameuacha mwisho wenyewe.

Hadithi na mpango wake

Hadithi hii ndiyo iliyoipa jina diwani ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, iliyohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda na kuchapishwa na Longhorn mwaka 2016. Diwani hiyo ilitahiniwa katika mtihani wa KCSE kuanzia mwaka 2018 hadi 2022, na kwa hiyo ilipita mikononi mwa vijana wengi.

Mandhari yake ni Madongoporomoka, mtaa wa wanyonge uliobanwa na jiji linalotanuka. Wakubwa wanaitamani ardhi ya mtaa huo, naye Mzee Mago anawahimiza wenzake wasikubali kuhamishwa. Siku moja jitu lisilojulikana linaingia katika Mkahawa Mshenzi, linakula chakula chote kilichopo, na kuahidi kurudi kesho yake kula zaidi. Msomaji anaingoja karamu ya pili. Badala yake yanaingia mabuldoza, na jitu lile lile lipo likishuhudia vibanda vikiangushwa. Hapo ndipo inapobainika kwamba chakula kilikuwa kionjo tu. Mlo wenyewe ulikuwa ardhi.

Je, ni halali kuiita hadithi hii distopia, yaani kazi inayoibuni jamii ya kutisha kwa kuuchukua uovu uliopo na kuufikisha kwenye kikomo chake? Ni kweli kwamba haisimulii karne zijazo. Hata hivyo, jiji lake halina jina, mla wake amezidi kimo cha binadamu, na sheria yake ni moja tu: mwenye tumbo kubwa hula. Uovu wa kawaida umekuzwa hadi ukawa jinamizi, na hiyo ndiyo kazi ya distopia.

Upeo wa matarajio

Wanadharia wa upokezi waliofundisha katika Chuo Kikuu cha Konstanz nchini Ujerumani wanatoa zana za kulifafanua suala hili. Hans Robert Jauss alisisitiza kwamba kila msomaji huikabili kazi akiwa na upeo wa matarajio, unaotokana na kazi alizowahi kuzisoma na maisha aliyoyaishi. Wolfgang Iser naye alionyesha kwamba matini huacha mapengo ambayo msomaji huyajaza mwenyewe. Pengo kuu katika "Tumbo Lisiloshiba" ni utambulisho wa mgeni: jitu hili ni nani, na limetumwa na nani?

Mfano wa mbali unasaidia hapa. Tarehe 26 Juni 1948, jarida la The New Yorker la Marekani lilichapisha hadithi "The Lottery" ya Shirley Jackson. Inahusu kijiji kinachokutana kila mwaka kumteua mmoja wao kwa kura ya bahati, na ni mwishoni tu ambapo msomaji anatambua kwamba mteule hupigwa mawe hadi kufa. Jackson alieleza baadaye kwamba alipokea barua zaidi ya 300 katika kiangazi kile. Wengi walishangaa, wengine walikisia maana, na wengine walimtukana. Wapo waliotaka kujua shughuli hiyo hufanyika wapi, na kama wangeweza kwenda kuitazama.

Swali la "wapi" ndilo linaloturejesha Nairobi. Said Ahmed Mohamed ni Mzanzibari, na hakuutaja mji wowote uliopo kwenye ramani. Hata hivyo, msomaji wa Nairobi halazimiki kuuliza Madongoporomoka iko wapi. Mwezi Mei 1990 mtaa wa Muoroto, karibu na kituo cha mabasi cha Machakos pembezoni mwa katikati ya jiji, ulibomolewa kwa fujo. Februari 2004 sehemu ya Kibera iliyoitwa Raila iliangushwa ili kupisha barabara. Tarehe 23 Julai 2018 mabuldoza yaliingia tena Kibera kufungua njia ya kuunganisha barabara za Ngong na Lang'ata. Makadirio ya wakati ule yaliwataja watu wapatao 30,000, na majengo ya shule yalikuwa miongoni mwa yaliyoanguka. Huo ulikuwa mwaka wa kwanza wa diwani hii katika mtihani. Mwanafunzi wa Kibera aliyekuwa nayo mkobani hakuhitaji mwongozo ili ajue buldoza ni nini.

Namna tatu za kusoma

Kutokana na hayo, usomaji wa namna tatu unaweza kutofautishwa. Wa kwanza huiona hadithi kuwa chuku. Kwa msomaji wa namna hii jitu ni kiumbe cha kuchekesha, na mabuldoza humwangukia kama radi. Wa pili huisoma kama taarifa. Anayeishi Kawangware huku akiutazama utajiri wa Lavington ng'ambo tu, au Kibera inayopakana na uwanja wa gofu, anaweza kulitambua jitu mara linapoketi mezani. Hashtushwi na ubomoaji. Linalomkera ni ile subira ya mlaji, anayeonja leo na kuahidi kesho. Wasomaji hawa wawili wanaweza kuketi dawati moja katika ukumbi wa mihadhara, na wote wawili wamesoma sawasawa.

Usomaji wa tatu ndio unaopuuzwa mara nyingi, nao unatoka katika fasihi simulizi. Waswahili husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Katika ngano nyingi za Afrika Mashariki, zimwi humeza watu na mifugo, kisha shujaa hulishinda, tumbo likapasuliwa na waliomezwa wakatoka wangali hai. Msomaji aliyelelewa kwa ngano hizo humtarajia shujaa. Mzee Mago anafanana naye, ila hana upanga, na zimwi la kisasa limekuja na mashine. Hapo upeo wa matarajio unavunjwa kweli kweli.

Lakini hadithi haiishii hapo. Baada ya kubomolewa, wenyeji wa Madongoporomoka wanarudi na kuvijenga upya vibanda vyao. Akiitazama kwa jicho la ngano, msomaji ataona kwamba waliomezwa wametoka tumboni, na safari hii bila kukombolewa na shujaa mmoja. Huu ndio mshtuko wa pili, nao ni wa kimyakimya. Jina la hadithi lenyewe linapata maana mbili: tumbo halishibi kwa sababu ni lafi, na pia kwa sababu linachokila hakikai ndani yake.

Athari kwa ufundishaji

Jambo hili lina uzito darasani. Katika maduka na vibanda vya vitabu vya katikati ya Nairobi, miongozo ya vitabu vya kutahiniwa huuzwa bega kwa bega na vitabu vyenyewe. Mwanafunzi anayeanza na muhtasari hukutana na buldoza kabla ya kukutana na jitu. Huweza kuyataja maudhui ya unyakuzi wa ardhi, lakini hajapata nafasi ya kudanganyika, na asiyedanganyika hawezi kueleza mwandishi alimdanganyaje. Taharuki na kinaya hubaki kwake majina ya kukariri.

Mwalimu au mhadhiri anaweza kuutibu udhaifu huu kwa njia rahisi. Hadithi isomwe kwa sauti hadi ahadi ya jitu, kitabu kifungwe, na kila mmoja aandike anachodhani kitatokea kesho yake. Baada ya kumaliza, maandishi hayo yalinganishwe na hadithi, kisha kila mwanafunzi aeleze ni dokezo gani alilipuuza na kwa nini.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mshtuko wa "Tumbo Lisiloshiba" hauko katika buldoza peke yake, bali katika umbali uliopo kati ya kile msomaji anachokijua na kile hadithi inachomfichulia. Kwa wengine umbali huo ni mrefu. Kwa wengine ni hatua chache kutoka mlangoni. Uhakiki unaodai kuwa mwisho wa hadithi una athari moja kwa wote huwanyang'anya baadhi ya wasomaji maarifa waliyokuja nayo. Vilevile, uhakiki unaoishia kwenye vifusi huwaacha waliojenga upya nje ya hadithi yao wenyewe.