Leseni ya urubani: Tuelezwe masharti mapema



Nina dukuduku kuhusu masharti ya kuwa rubani wa kulipwa.

Mimi nina leseni ya rubani binafsi. Leseni hiyo kwa kawaida inataka saa zisizopungua 40 za kuruka, na mwenye nayo haruhusiwi kupokea hata senti tano kwa kazi ya urubani. Nilisikia kwamba ukifikisha saa 200 unapata leseni ya biashara, basi nikauza shamba la marehemu baba nikanunua saa. Zilipofika 204 nilipeleka daftari langu kwa furaha. Nikarudishwa.

Kumbe 200 ni jumla tu! Kanuni za ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, zinataka katika hizo ziwemo saa 100 ambazo wewe mwenyewe ndiwe rubani mkuu. Mimi nilikuwa na 71. Zilizobaki zote mwalimu alikaa kando yangu, nikalipia ndege na yeye pia. Tena saa 20 ziwe za safari za mbali ukiwa rubani mkuu, na safari moja isipungue kilometa 540, ukitua katika viwanja viwili tofauti. Anayetoka Dar es Salaam akatua Tanga na Arusha, kisha akarudi, ametimiza. Mimi nilikuwa nikizunguka juu ya uwanja uleule kama ngamia wa kinu. Ziko pia saa 10 za mafunzo ya kuruka kwa kutazama vyombo tu, na 5 za usiku kwa atakayetaka kuruka usiku. Vipimo vya daktari navyo ni vya daraja la kwanza.

Kanuni siilaumu. Abiria wa ndege ndogo ya Mafia ana haki ya kupata rubani aliyezoea kuamua peke yake kurudi hali ya hewa ikichafuka. Ninalouliza ni kwa nini mwalimu aliyetia sahihi daftari langu kila wiki hakunieleza. Wanaosoma kozi kamili iliyoidhinishwa hupangiwa haya yote tangu mwanzo, na wao hukubaliwa kwa saa 150. Sisi wa kununua saa kidogo kidogo hatuna wa kutupangia.

Naomba vyuo vimpe kila mwanafunzi karatasi ya masharti haya siku anapolipa ada ya kwanza. Mimi nimebakiza saa 29, na shamba jingine la kuuza sina.

Rubani Binafsi,
Kipawa, Dar es Salaam.