Kuni, Mkaa na Afya ya Familia: Tuanzie Kisikini



Katika kigango kimoja cha milimani, wakati wa baridi ya mwezi Julai, mama mmoja alirudi nyumbani kutoka hospitali akiwa na mtoto wa siku nne. Desturi ya pale ni kumweka mzazi mahali penye joto. Jioni jiko la mkaa liliwashwa nje, likaachwa mpaka mkaa ukawa mwekundu na moshi ukaisha, ndipo likaingizwa chumbani. Dirisha lilizibwa kwa gunia ili baridi isipenye. Usiku wa manane bibi wa mtoto aliamka, akaona kichwa kinamgonga na miguu haina nguvu. Alimwita binti yake, hakujibiwa. Bibi yule alitambaa mpaka mlangoni, akaufungua, akapiga kelele. Majirani wakaja wakawatoa wote nje. Wengine walianza kusema ni uchawi, na mmoja alileta kikombe cha maziwa. Bahati njema mwenyekiti wa kigango alisisitiza wapelekwe hospitali usiku uleule, na wote watatu walipona.

Hatulisimulii jambo hili ili kumlaumu mtu. Familia ile ilifanya kila kitu kwa upendo. Kilichokosekana ni elimu, nayo ndiyo tunayotaka kushirikishana mwezi huu. Tutaanza na kilichotokea chumbani, twende kwenye moshi wa jikoni, kisha tuufuate mkaa mpaka msituni ulikotoka. Maana kifua cha mtoto na kisiki cha mti vimefungamana kuliko tunavyodhani.

Sumu isiyoonekana

Kuni au mkaa unapowaka bila hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi, haina harufu, wala haiwashi macho. Moshi hutuonya kwa kutukohoza, lakini gesi hii haionyi. Ndiyo sababu mkaa uliokwisha kuwa mwekundu, usiotoa moshi hata kidogo, bado unaweza kuua.

Inauaje? Damu yetu huchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini kote. Kaboni monoksidi ikivutwa hujishika kwenye damu kwa nguvu kuliko oksijeni na kuinyang'anya nafasi yake. Mtu anaendelea kupumua, lakini ubongo na moyo wake vinakosa oksijeni. Mama mjamzito, mtoto aliye tumboni, watoto wadogo na wazee huathirika zaidi.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, mwili kulegea na usingizi mzito. Watu wengi hudhani ni malaria au chakula kibaya. Mkiona watu wawili au watatu wa nyumba moja wanapata dalili hizi kwa pamoja, na ndani kuna jiko la mkaa, msianze kutafuta mchawi. Fanyeni hivi:

1. Fungueni milango na madirisha, kisha muwatoe wagonjwa nje kwenye hewa safi mara moja. Anayeokoa asikae ndani, maana naye anaweza kuanguka.
2. Lizimeni jiko au litoeni nje, ikiwa mnaweza kufanya hivyo bila hatari.
3. Wapelekeni wote hospitali, hata yule anayesema amepata nafuu. Hospitali wana oksijeni, nayo ndiyo tiba.
4. Msiwape maziwa. Maziwa hayaondoi gesi hii katika damu, na mtu aliyezimia akinyweshwa kitu anaweza kupaliwa na kufa.

Na kinga yake ni moja tu: jiko la mkaa lisilale chumbani pamoja na watu, hata kwa nusu saa. Mzazi na mtoto mchanga wapashwe joto kwa nguo kavu, soksi, kofia na blanketi, na kwa mama kumlaza mwanawe kifuani, ngozi kwa ngozi. Joto la mama halina sumu.

Moshi unaoonekana

Sasa twende jikoni kwenye mafiga matatu. Hapa sumu inaonekana, lakini tumeizoea. Moshi wa kuni umejaa chembe ndogo mno zinazopita puani na kooni mpaka ndani kabisa ya mapafu. Mama huuvuta asubuhi, mchana na jioni, na mtoto aliye mgongoni huuvuta pamoja naye.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, inayotokana hasa na kupikia, ilisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani. Kati yao zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Kwa watoto adui mkubwa ni nimonia, ambayo wengi wetu huiita kichomi. Kwa watu wazima moshi huchangia magonjwa ya moyo, kiharusi, magonjwa sugu ya mapafu na kansa ya mapafu.

Mzazi, mtoto wako akikohoa mhesabie pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Mtoto wa chini ya miezi 2 akifikisha pumzi 60 au zaidi, wa miezi 2 hadi 11 akifikisha 50 au zaidi, na wa mwaka 1 hadi 5 akifikisha 40 au zaidi, anapumua haraka kupita kiasi. Mpeleke zahanati siku hiyohiyo. Ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, au ananyonya kwa shida, usingoje kupambazuke.

Mkaa huu umetoka wapi?

Baadhi ya wasomaji watauliza: ukurasa wa afya unaingiaje msituni? Jibu ni kwamba moshi wa jikoni huanza pale mti unapokatwa. Kuni zikiwa mbichi, moshi huwa mwingi. Mkaa ukiwa haukuiva vizuri, hutoa moshi. Na msitu ukiisha, mama huenda mbali zaidi, hubeba mzigo mzito zaidi shingoni, na mwishowe hupikia mabua na vijiti ambavyo moshi wake ni mwingi.

Tathmini ya misitu ya Tanzania Bara iliyotolewa mwaka 2015 ilionyesha kuwa tuna hekta milioni 48.1 za misitu, yaani zaidi ya nusu ya eneo lote la nchi kavu. Sehemu kubwa ni misitu ya miombo, ambayo ni miti migumu ya asili. Wapishi hupenda mkaa wake kwa sababu ni mzito na hudumu motoni. Magunia tunayoyaona yamepangwa kandokando ya barabara mengi yametoka huko.

Mchoma mkaa hukata miti, huacha magogo yakauke, huyapanga, kisha huyafunika kwa majani na udongo. Huwasha moto na kuacha matundu machache ya hewa. Kwa siku kadhaa, usiku na mchana, hulinda tanuri lisipasuke, maana hewa ikiingia nyingi kuni hugeuka majivu. Naye huvuta moshi na gesi ileile tuliyoitaja juu. Ni kazi ngumu ya mtu anayetafuta ada ya shule na chakula cha watoto, kama sisi sote.

Lakini tanuri la kienyeji hupoteza sana. Kwa kawaida kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa. Tufanye hesabu: familia inayomaliza gunia la kilo 30 imetumia kilo 150 hadi 300 za miti. Anayepanga magogo makavu kwa uangalifu na kudhibiti hewa hupata mkaa mwingi zaidi kwa miti ileile.

Kukataza hakukutosha

Mwezi Januari 2006 Serikali ilipiga marufuku mkaa ili kuokoa misitu. Mijini bei ilipanda ghafla, na katazo lile halikudumu. Lilitufundisha jambo moja: tumbo haliwezi kungoja, na mtu asiye na jiko lingine atautafuta mkaa hata kwa kificho.

Wilayani Kilosa, mkoani Morogoro, ilijaribiwa njia nyingine kuanzia mwaka 2012, kwa ushirikiano wa vijiji, mashirika ya uhifadhi wa misitu na msaada kutoka Uswisi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi. Vijiji viligawa sehemu ya misitu yao katika viraja vya mita 50 kwa 50. Kiraja kimoja kinavunwa, vya jirani yake vinaachwa, kama ubao wa drafti. Kilichovunwa hupumzishwa hadi miaka 24 kabla ya kuguswa tena. Kandokando ya vyanzo vya maji na kwenye miteremko mikali hakukatwi kitu. Ushuru huingia katika mfuko wa kijiji.

Kwa nini njia hii inawezekana? Kwa sababu miti ya miombo haifi ikikatwa. Kisiki kikiachwa hai, mvua zikinyesha huchipua, na mizizi yake hutoa machipukizi mengine. Kinachoua msitu ni kung'oa visiki ili kulima, au kuchoma moto kila kiangazi mpaka machipukizi yote yaungue. Hakika sababu kubwa zaidi ya kupotea kwa misitu yetu ni kufyeka mashamba mapya, na mara nyingi mkaa ni mavuno ya kwanza ya shamba hilo. Msitu uliovunwa kwa mpango hurudi. Uliolimwa na kuchomwa kila mwaka haurudi.

Tufanye nini nyumbani?

Nishati safi, kama gesi na umeme, ndiyo njia bora kwa afya. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Mwenye uwezo wa kuanza leo aanze, hata kama ni kwa chai ya asubuhi tu. Lakini tunajua kuwa familia nyingi za parokia zetu zitaendelea kutumia kuni na mkaa kwa muda. Kwa hao tunasema:

– Pikeni kwa kuni kavu zilizopasuliwa ndogondogo. Zipasueni kiangazi na kuziweka mahali pasiponyesha. Kuni mbichi hupoteza moto wake kwa kukausha maji yaliyomo ndani, nanyi mnabaki na moshi.
– Baba, tafuta siku moja utoboe dirisha la pili jikoni, kuelekeana na la kwanza, au ujenge jiko la udongo lenye bomba la kutolea moshi juu ya paa. Jiko si la mama peke yake.
– Lowekeni maharage usiku kucha, mwage maji, kisha mpike kwa sufuria yenye mfuniko. Mtapunguza muda wa moto.
– Tumieni jiko la mkaa lenye udongo ndani. Hutunza joto na kula mkaa kidogo. Bado lakini hutoa gesi ya sumu, kwa hiyo sheria ya chumba cha kulala inabaki ileile.
– Watoto wadogo wakae mbali na jiko wakati moshi ni mwingi.
– Katika mkutano wa kijiji ulizeni: msitu wetu umepimwa? Nani anavuna, wapi, na visiki vinalindwa na moto? Nanyi mnaonunua mkaa, ulizeni umetoka wapi na kama una kibali.

Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitaja waziwazi kuwa watu huugua kwa kuvuta moshi wa kupikia na wa kuota moto. Hakuona hilo kuwa jambo dogo la jikoni, aliliweka pamoja na utunzaji wa dunia nzima. Nasi tuliweke hapo.

Tunawaomba viongozi wa jumuiya ndogondogo wausome ukurasa huu jumuiyani kabla baridi haijaanza, na kila nyumba yenye mzazi mpya ipate mgeni wa kuuliza swali moja: "Jiko linalala wapi?" Bibi yule wa kigangoni alimwokoa mjukuu wake kwa sababu aliamka usiku. Wengine wetu tuna usingizi mzito. Kinga ni bora kuliko tiba.