Tak! Solenoidi, Kontrola na Mlima wa Mwamgongo

Mwamgongo hakuna kiwanja cha gofu, wala sijasikia mtu akikidai. Kijiji kimebanwa kati ya Ziwa Tanganyika na milima, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Anayetoka Kigoma mjini hupanda boti Kibirizi, na mzigo wake humo humo. Uso wa ziwa uko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na nyuma ya nyumba za mwisho ardhi inainuka ghafla kuelekea ukingo wa Bonde la Ufa. Kwa nini basi tuanzie hapa kuzungumzia kigari cha umeme kilichobuniwa kubeba fimbo za wachezaji kwenye nyasi tambarare? Kwa sababu kwenye tambarare vifaa viwili vinavyokiendesha haviumbuki. Mlimani huumbuka.

Kigari chenyewe wengi tumekiona, hata kama hatujashika fimbo ya gofu. Kinabeba wageni na mabegi kwenye hoteli za Zanzibar. Waliokwenda hija wamewaona wazee wakizungushwa nacho juu ya paa la Msikiti Mkuu wa Makka. Kampuni ya E-Z-GO ilianza kuviunda mwaka 1954 huko Georgia, Marekani, na hata Yamaha, jina ambalo wanaziwa wanalisoma kila siku kwenye injini za boti, nayo inavitengeneza. Chini ya kiti kuna betri zilizofungwa mfululizo hadi kufika volti 36 au 48. Nyuma kuna mota. Katikati kuna solenoidi, kidude cha kutosha kiganjani, na kontrola, boksi la alumini lisilo na kitu cha kutazama.

Tuseme kigari kikuukuu cha volti 48 kimeshushwa ufukweni Mwamgongo, wakapanda watu wawili na viroba vyao vya dagaa, jumla kilo 600. Kwenye njia ngumu iliyo sawa, kwa mwendo wa kilomita 10 kwa saa, betri zitatoa takribani ampea 10. Kielekeze kwenye mwinuko unaopanda mita 1 kwa kila mita 5, mwendo uleule: zinatakiwa zaidi ya ampea 100. Hiyo ni hesabu ya fizikia ya kidato, tukikubali kwamba karibu theluthi ya umeme hupotea njiani. Mzigo haujabadilika, mota haijabadilika, lakini kila kilicho kati ya betri na mota sasa kinapitisha umeme mara kumi. Hapo ndipo utasikia harufu ya plastiki.

Tuanze na kidogo, maana ndicho kinachodharauliwa. Solenoidi ni swichi inayovutwa na sumaku. Ndani yake kuna koili ya waya mwembamba, na katikati ya koili kipande cha chuma kinachoteleza. Ukikanyaga pedali, umeme mdogo, chini ya ampea 1, unapita kwenye koili. Chuma kinavutwa, na sahani ya shaba iliyo kwenye ncha yake inagonga nguzo mbili nene. Tak! Njia ya mamia ya ampea imefunguka. Msingi wake ni mkongwe: Hans Christian Ørsted alionyesha mwaka 1820 kwamba waya wenye umeme unausogeza mshale wa dira, na kabla muongo huo haujaisha Mwingereza William Sturgeon alikuwa amekwisha kuuviringisha waya juu ya chuma akapata sumaku ya kuwasha na kuzima.

Fundi wa magari wa Kigoma atasema hiki anakijua: si ndicho kilicho juu ya stata? Ni ndugu yake, ila tabia mbalimbali. Solenoidi ya stata hufanya kazi sekunde chache, injini ikawaka, ikapumzika. Ya kigari hushikilia muda wote mguu ukiwa kwenye pedali, pengine saa nzima. Koili ya stata imeviringishwa kwa kazi ya kupiga na kuacha. Ukiifunga kwenye kigari itachemka, rangi ya waya wake itaungua, na safari itaishia mlimani. Kwa hiyo anayenunua solenoidi asiangalie volti tu. Aulize kama ni ya kazi mfululizo, na inabeba ampea ngapi ikiwa imeshikilia. Zinazokuja na vigari vingi ni za ampea 100 hivi mfululizo. Rejea hesabu ya mlima wetu, utaona hakuna akiba iliyobaki.

Adui wa solenoidi ni cheche. Umeme wa nyumbani hubadili mwelekeo, na kwa mapigo 50 ya TANESCO unapita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, hivyo cheche inayozaliwa swichi inapoachana hufa yenyewe upesi. Umeme wa betri haupiti kwenye sifuri. Ukiachanisha vipande viwili vya shaba huku ampea 200 zinapita, cheche inanyooka katikati na kuendelea kuwaka, ikila chuma. Ndiyo sababu swichi ya ukutani haifai kukata betri kubwa za sola, jambo ambalo mafundi wetu vijijini wangeambiwa mapema zaidi. Baadhi ya solenoidi nzuri huwekewa sumaku ndogo pembeni ya kuisukuma cheche nje, na nyuso zinazogusana huwa za aloi ya fedha badala ya shaba tupu.

Cheche mbaya zaidi haitokei wakati wa kukata, hutokea wakati wa kuunga. Ndani ya kontrola kuna kapasita, vikopo vinavyohifadhi umeme kwa muda mfupi. Zikiwa tupu, dakika ileile sahani inapogusa nguzo zinajaribu kujaa kwa mkupuo, na kwa muda mdogo kuliko kupepesa jicho hupita ampea nyingi kuliko hata za mlimani. Tundu linachimbika kwenye shaba. Siku moja sahani inayeyuka kidogo na kugandana na nguzo, na ukiachia pedali solenoidi haiachii. Dawa yake ni ya bei ya soda: rezista ya omu 250 hivi iliyofungwa kutoka nguzo moja hadi ya pili. Inapenyeza umeme mdogo, robo ya ampea hata haifiki, na baada ya sekunde chache kapasita zimejaa kabla solenoidi haijagonga. Nimeona solenoidi mpya zikifungwa bila rezista ya zamani kurudishwa, kwa sababu ilionekana kama uchafu uliobaki. Kando yake, kwenye vituo vidogo vya koili, huwekwa dayodi. Koili ikikatiwa umeme hurusha volti nyingi kinyumenyume, na dayodi huzimeza kabla hazijaua swichi ya pedali. Mstari wake uelekee upande wa chanya. Ukiugeuza, umetengeneza shoti.

Sasa kontrola. Vigari vya kwanza havikuwa nayo. Vilipunguza mwendo kwa kupitisha umeme kwenye rezista kubwa, yaani nguvu usiyoihitaji unaigeuza joto na kuitupa. Kontrola haipunguzi umeme, inaukatakata. Transista zake huwasha na kuzima takribani mara 15,000 kwa sekunde, na pedali inaamua kila kipande kiwe kirefu kiasi gani. Mpiga kasia anayetaka kwenda polepole hafungi breki. Anapiga mapigo mafupi, na mtumbwi wenyewe unateleza kati ya pigo na pigo. Mota nayo, kwa sababu ya koili zake, huendelea kupitisha umeme kontrola inapokuwa imezima.

Na kutokana na hilo linazuka jambo ambalo hata wenye vigari hawalijui. Mota inapoondoka polepole inaweza kupata ampea 300 huku betri zikitoa 60 tu. Hakuna muujiza: volti inayofika kwenye mota ni moja ya tano ya ile ya betri, kwa hiyo ampea zinaweza kuwa mara tano, na nguvu ni ileile. Solenoidi imefungwa upande wa betri. Basi haichoshwi na kuondoka. Inachoshwa na kupanda mlima mrefu pedali ikiwa imekanyagwa mpaka chini, wakati ampea za pande zote mbili zinalingana.

Watu hubadilisha kontrola wakitafuta mbio, na hapo ndipo pesa nyingi hupotea. Mbio za mota ya namna hii hufuata volti zaidi. Ampea huleta nguvu ya kusukuma. Kutoka kontrola ya ampea 250 hadi ya 400, kigari chenye mota ambayo koili zake zimefungwa mfululizo kitapata msukumo kati ya mara 1.6 na 2.5 kutegemea chuma chake kimeshiba sumaku kiasi gani, lakini kwenye tambarare kitakimbia karibu vilevile. Kwa kiwanja cha gofu ni hasara. Kwa Mwamgongo ni kila kitu.

Ila joto la waya hupanda kwa mraba wa ampea. Ampea 400 badala ya 250 ni joto mara 2.5 na zaidi, kwenye waya uleule, nati zilezile. Waya za milimita za mraba 13 zinazokuja na vigari vingi hazitoshi tena. 33 ni saizi ya haki. Na kiungo kimoja kichafu kinaharibu vyote: chenye ukinzani wa asilimia moja ya omu, kikipitisha ampea 300, kinakula volti 3 na kutoa wati 900 za joto mahali padogo kuliko kidole gumba. Ningekuwa na fedha ya hatua moja tu, ningenunua solenoidi na waya, niiache kontrola kwa mwaka ujao. Mpangilio huu wauzaji hawaupendi.

Kupima ni rahisi, multimita inatosha. Inua magurudumu ya nyuma yasiguse chini, kanyaga pedali, weka ncha za mita kwenye nguzo mbili nene. Ikilia tak na mita ikasoma karibu sifuri, njia ni safi. Ikilia na bado ikasoma volti 48, sahani imeliwa. Isipolia kabisa, tatizo liko nyuma zaidi: funguo, swichi ya pedali, au waya mwembamba uliokatika. Kabla ya kupima vua saa na pete, kabla ya kufungua nati yoyote tenga kwanza waya wa betri, na kumbuka kwamba kapasita bado zina umeme hata betri ikiwa mezani.

Kontrola za kisasa, kama za Curtis na Alltrax, hurekebishwa kwa kompyuta au kifaa cha mkononi, na kazi ya kuzirekebisha ni ya subira. Ukomo wa ampea ni namba moja tu kati ya nyingi. Kuna kasi ya kuitikia pedali: ikiwa kali, ekseli hutikisika na mzigo hudondoka nyuma. Kuna kiwango cha volti ambacho chini yake kontrola hukataa kuendelea. Kwa betri za risasi na tindikali za volti 48, kiwango cha kuweka ni 42 hivi, na chini yake betri inajiua. Wavuvi wa dagaa wa ziwa hili, walioacha karabai wakahamia taa za LED, wanaijua vizuri betri iliyonyonywa mpaka mwisho usiku kucha kisha ikakataa chaji. Kontrola kubwa si dawa ya betri ya namna hiyo. Inaimaliza haraka zaidi.

Betri za lithiamu zina mtego wake. Yenye uwezo wa ampea-saa 100 mara nyingi huruhusu ampea 100 mfululizo, na ndani yake kuna mlinzi wa kielektroniki anayekata bila kuaga. Ukiweka kontrola ya 400 juu yake, mlinzi atakata katikati ya mwinuko, na kama kigari kilitegemea mota kufunga breki, breki hiyo imeondoka nayo. Wa kurekebisha ashushe ukomo wa ampea ulingane na betri, hata kama kontrola inaweza zaidi. Kontrola na betri lazima zikubaliane kwanza.

Kazi hii hii ya solenoidi na kontrola iko kila mahali umeme unapobeba watu: kwenye pikipiki za Ampersand mjini Kigali, kwenye mabasi na pikipiki za Roam jijini Nairobi, na kwenye treni za SGR zilizoanza kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024. Treni huvuta volti 25,000 kutoka juu ya reli, na katika swichi kuu za aina hiyo cheche huzimwa ndani ya chupa isiyo na hewa kabisa. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022.

Lakini Mwamgongo barabara ni ziwa, na mtu mwenye akili atauliza kama mota ya kigari haiwezi kugeuzwa ya boti. Kwa namba inawezekana: volti 48 kwa ampea 250 ni kilowati 12, sawa na nguvu za farasi 16, na injini za farasi 15 zinajulikana vizuri majini. Tofauti ni kwamba maji hayana mteremko. Mlimani uzito ukiwa uleule, kupanda mara mbili haraka kunataka nguvu mara mbili. Boti nzito inayopasua maji bila kupaa juu yake inataka karibu mara nane. Kwa hiyo boti hurekebishwa kinyume cha kigari: ukomo wa ampea unashushwa, na pedali au mkono wa gesi unawekewa mwisho mapema. Ukipunguza mwendo kwa nusu, betri ileile inakaa karibu mara nane zaidi, na kabla haijaisha umekwenda mbali mara nne.