Si Ujinga, ni Elimu Nyingine

Shuleni tulifundishwa kwamba mchoro hauna budi kuonekana kwa jicho la mtu aliyesimama mahali pamoja, na mistari yote iendayo mbali ikutane katika nukta moja. Hiyo ndiyo kanuni ya Ulaya tangu karne ya 15. Basi wako wasemao kwamba Wachina wa kale hawakujua kuonyesha umbali. Twasema wamekosea.

Guo Xi, aliyechora "Mwanzo wa Machipuko" juu ya hariri mwaka 1072, alifundisha njia tatu za kuutazama mlima: kutoka chini hadi kileleni, kutoka mbele kupenya hata nyuma yake, na kutoka mlima wa karibu kuielekea ya mbali. Katika mchoro ule zote tatu zimo, na ukungu waziunganisha. Mtazamaji hasimami dirishani, husafiri mlimani.

Tusiipime kazi ya watu kwa pishi ya wengine.